Saa ya Msomaji: Ratiba ya Kazi ya Mwanablogu wa Manyoni

Ikifika mwishoni mwa Januari, Baraza la Mitihani likiwa karibu kutangaza matokeo ya kidato cha nne, blogu nyingi za Kiswahili hugeuka kuwa blogu moja. Kichwa kilekile, aya mbili za utangulizi zilezile, kisha kiungo cha kukupeleka kwenye tovuti ya NECTA, ambako ungeweza kwenda mwenyewe. Wapo wanaoutundika ukurasa wa matokeo wiki kadhaa kabla, ukiwa hauna tokeo hata moja, ili Google iuzoee. Siku yenyewe wasomaji hufurika. Mwenye blogu huupiga picha mchoro wa takwimu zake uliopanda wima, akautuma kwenye kundi la wenzake. Baada ya wiki moja mchoro umelala tena na hakuna anayeutuma. Julai, kwa kidato cha sita, mambo hujirudia, na katikati ya hapo watu wanakimbizana na nafasi za kazi za serikali zinazotangazwa Ajira Portal.

Simlaumu mtu kwa kutafuta riziki. Ila wasomaji wa namna hiyo ni wapita njia: wamekuja na shida moja, imekwisha, wameondoka, na ukiwauliza kesho walisoma wapi watakwambia "kwenye simu." Kwa mtu aliyeko Manyoni, mkoani Singida, mwenye simu moja na pengine kompyuta ya kuazima, mbio hizo hana namna ya kuzishinda. Anaoshindana nao wana watu wa kupokezana zamu, wana intaneti ya ofisini, na wamekaa kwenye kurasa za Google kwa miaka. Alichonacho yeye na wao hawana ni Manyoni yenyewe.

Vijana wanaoanza blogu huniuliza wapangeje siku ili wasomaji waongezeke. Wengi huja na ratiba waliyokwisha kuiandika, na karibu kila mara inaanza na saa wanayoamka wao. Mimi huwaambia waigeuze: iandikwe kwanza saa ambayo msomaji anafungua simu, halafu ratiba irudi nyuma kutoka hapo hadi asubuhi. Inaonekana jambo dogo, lakini linabadilisha nini kifanyike lini, na linaonyesha haraka shughuli ambazo hazina kazi yoyote kwenye siku yako.

Tuitazame Manyoni, basi. Mji uko kwenye reli ya Kati, ile iliyofika Kigoma mwaka 1914, na hapo ndipo linapochepuka tawi la kwenda Singida. Barabara kuu ya kutoka Dodoma kwenda Singida na kanda ya Ziwa inapita hapo, na nyingine inakwenda Itigi hadi Tabora. Kwa hiyo wasomaji unaoweza kuwapata ni wa aina tatu. Kuna wakazi wa wilaya, kuanzia mjini hadi Kintinku, Kilimatinde na Sanza. Kuna wazaliwa wa huko walioko Dodoma, Dar es Salaam au Mwanza, ambao habari za nyumbani huzipata kwa kupiga simu. Halafu kuna wenye shughuli na Manyoni bila kuwa wa Manyoni: mnunuzi wa alizeti, dengu au asali, dereva wa lori, mwalimu aliyepangiwa kituo na hajui vyumba hupatikanaje, na mtu wa mjini aliyechukua shamba kwenye yale mashamba makubwa ya korosho ya Masigati, ambaye korosho zake huziona kwa picha anazotumiwa na msimamizi.

Hawa hawafungui simu kwa wakati mmoja. Mfanyabiashara anataka bei alfajiri, kabla hajawasha gari. Mzaliwa aliyeko Dar es Salaam anasoma asubuhi akiwa kwenye foleni, kisha tena saa ya chakula cha mchana. Mkazi wa wilaya huipata nafasi jioni, baada ya shamba, duka au zamu, na kabla ya taarifa ya habari ya saa 2:00 usiku. Ukitaka kuwapata wote kwa saa zao utajikuta unatuma vitu kuanzia alfajiri hadi usiku, na wiki ya tatu umechoka.

Mimi ningechagua saa 1:00 usiku. Kitu kilichowekwa saa hiyo humkuta mkazi wakati wake. Kesho yake alfajiri bado ni kibichi kwa mnunuzi. Na mzaliwa wa Manyoni anakikuta asubuhi akiwa kwenye daladala. Zaidi ya yote, saa hiyo inakuachia mchana mzima wa kwenda kutafuta. Ikiwa utachagua saa nyingine kwa sababu unawajua watu wako kuliko mimi, chagua. Lakini ikishawekwa isiyumbe. Msomaji anayejua kwamba saa moja kuna kitu hufungua bila kukumbushwa, na huyo ndiye msomaji unayemjenga.

Sasa irudishe siku nyuma. Ili kitu kitoke saa 1:00 usiku, kiwe kimekamilika saa 12:00 jioni, picha zikiwa zimeshapunguzwa uzito. Ili kikamilike saa 12:00, kuandika kuanze saa 9:00 alasiri, na kusichukue zaidi ya saa mbili. Hapo asubuhi yote inabaki ya kukusanya. Mwenye ajira atasema asubuhi yake si yake, na ni kweli. Huyo akusanye njiani na wakati wa mapumziko, aandike usiku, atoe kesho yake saa moja. Kuchelewa siku moja hakumdhuru, maana kama nitakavyoeleza, sehemu kubwa ya anachoandika haiharibiki kwa siku moja.

Kukusanya ndiko kunakopuuzwa kuliko yote. Wengi wanadhani kukusanya ni kufungua mtandao na kuona wenzao wameandika nini. Kwa blogu ya Manyoni huko ndiko mahali pa mwisho pa kutazama. Nenda stendi, kwa mawakala wa mabasi na wapiga debe, wanaojua barabara ipi imekatika na mvua na gari gani limejaa. Pita stesheni. Pita kwenye mashine ya kukamua alizeti, uulize gunia limenunuliwa kwa kiasi gani leo na mashudu yanaenda wapi. Ingia duka la pembejeo. Soma matangazo yaliyobandikwa kwenye ofisi ya kata, hata yale ya zamani, kwa sababu la zamani ambalo halijatekelezwa ni habari.

Na kwenye daftari usiandike habari. Andika maswali. Mama mmoja dukani akiuliza kama mbegu hii itavumilia ukame kuliko ile ya mwaka jana, hiyo ni makala. Abiria anayeuliza treni ya kwenda Tabora inafika saa ngapi kweli, mbali na ilivyoandikwa kwenye ratiba, naye amekupa makala. Mzee wa Kintinku anayetaka kujua maji ya mradi wa Kintinku–Lusilile yamefika kijiji gani na kijiji gani bado, anauliza swali ambalo viongozi hulijibu kwenye mikutano, na majibu yake husambaa vipande vipande bila kukusanywa mahali pamoja. Kusanya wewe. Blogu ikifikisha majibu hamsini ya namna hiyo inaanza kutafutwa yenyewe.

Kuna mfano mmoja ninaoupenda kwa jinsi unavyobana kazi. Alizeti katika ukanda huu hupandwa mvua zikianza, na huvunwa kuanzia Mei hivi. Juni, wakati magunia yanaingia sokoni, bajeti ya serikali inasomwa bungeni Dodoma, na ndani yake kuna ushuru wa mafuta ya kula yanayoingizwa kutoka nje. Mwaka 2023 bei ya alizeti ilipoporomoka, lawama nyingi zilielekezwa kwenye nafuu ya ushuru iliyoyapa nguvu mafuta hayo ya nje. Gazeti la Dar es Salaam litaandika kuhusu ushuru. Mkulima wa Manyoni ataona gunia lake halina bei. Anayeweza kuunganisha hayo mawili, kwa kuanza na bei aliyoiona mwenyewe kwenye mashine asubuhi ile, ni mtu aliyeko pale. Na makala hiyo ukishaitayarisha mara moja, kila Juni unaifungua, unabadilisha viwango na bei, unaitoa upya.

Msimu ndio kalenda yako ya kazi, kuliko kalenda ya mitandao. Kanda ya kati hupata mvua za msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, na Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wake kabla msimu haujaanza. Siku mwelekeo unapotoka, watu wa wilaya nzima wanataka kujua maana yake kwa shamba la Manyoni. Mwenye ratiba nzuri huwa na nusu ya makala hiyo tayari tangu Septemba: mwaka jana walisema nini, ikatokea nini, bwana shamba anashauri mbegu gani. Siku ya tangazo anaongeza aya tatu.

Hapo naingia kwenye jambo la stoo. Gawa kazi zako mafungu mawili, zinazoharibika na zisizoharibika. Bei ya leo inaharibika kesho. Maelezo ya jinsi ya kusafiri kutoka Manyoni hadi Tabora, historia ya boma la Kilimatinde, utaratibu wa kuomba kiwanja halmashauri, namna ya kufika hospitali ya Mtakatifu Gaspar Itigi: hayo yanakaa miezi, mengine miaka. Ukienda Masigati mara moja kuangalia korosho, rudi na vitu vinne, usirudi na kimoja: picha za hali ya mashamba kwa wenye mashamba walioko mbali, mahojiano na msimamizi kuhusu palizi, hali ya barabara, na maelezo kwa anayefikiria kuchukua shamba. Kimoja kinatoka jioni ileile. Vingine vitatu vinaingia stoo, kwa ajili ya siku utakayougua au umeme utakapokatika kutwa.

Je, uandike kila siku? Wataalamu wa mambo haya hubishana, nami nina upande. Kila siku saa moja usiku toa taarifa fupi yenye umbo lilelile: bei, barabara, mvua, tangazo moja la maana. Ukizoea, haichukui zaidi ya dakika ishirini. Makala ndefu zitoke mara mbili kwa wiki, siku zisizobadilika. Anayejaribu makala ndefu kila siku huishia kunakili, na kunakili hakumfichi mtu tena. Machi 2024 Google ilitangaza sera inayolenga maudhui yanayozalishwa kwa wingi ili kucheza na matokeo ya utafutaji tu, yawe yameandikwa na mtu au na mashine. Siku hizi mashine inaweza kukuandikia makala kumi za "faida za asali" kabla chai haijapoa. Ya kumi na moja, inayosema asali ya Itigi wiki hii inauzwaje na nani ananunua, haiwezi, mpaka mtu aende akaulize.

Nirudi nyuma kidogo, kwa sababu mambo haya hayakuanza jana. Muhidin Issa Michuzi alianzisha blogu yake Septemba 2005 akiwa Helsinki, Finland, kwa msaada wa Ndesanjo Macha, ambaye blogu yake ya Jikomboe ni miongoni mwa za mwanzo kabisa kwa Kiswahili. Michuzi alikuwa mpiga picha wa magazeti. Shughuli alizohudhuria angezihudhuria hata bila blogu. Alichofanya ni kuifanya kazi ya mchana izae kitu cha pili jioni. Ndiyo maana aliweza kuweka picha kila siku bila kuchoka, na Watanzania walioko ughaibuni wakaizoea blogu ile kama dirisha la nyumbani. Maggid Mjengwa aliendesha yake akiwa Iringa. Malunde 1 Blog inatoka Shinyanga. Kwamba mtu lazima ahamie Dar es Salaam ili asomwe ni hoja iliyokwisha kujibiwa zamani.

Funzo lao la ratiba ni hili: blogu ipande juu ya kazi ambayo tayari unaifanya. Wakala wa mabasi ana habari za safari mkononi tangu asubuhi. Karani wa mashine ya alizeti anajua bei kabla ya wote, japo amwombe kwanza tajiri wake ruhusa. Mwalimu ana shule, ana wazazi, ana maswali yao. Anayejitengenezea blogu isiyohusiana kabisa na siku yake analazimika kuwa na siku mbili ndani ya moja.

Alasiri, wakati wa kuandika, simu izimwe data. Andika kwanza jibu, kisha maelezo. Msomaji aliyekuja kutafuta nauli asipewe aya nne za historia ya usafiri. Halafu picha, ambazo watu huzichukulia kirahisi mno. Picha moja ya simu za siku hizi huwa na MB 3 hadi 5. Makala yenye picha nne za MB 4 ni MB 16, na msomaji mwenye kifurushi cha MB 500 anakimaliza kwa makala thelathini na moja. Punguza kila picha ifike KB 200 na zote nne hazitafika MB 1. Zipo programu za bure za kufanya hivyo kwenye simu. Video na vitu vizito vipandishe usiku wa manane, kama mtandao wako unauza kifurushi cha usiku cha bei nafuu.

Kusambaza ni kazi tofauti na kuandika, na ipewe muda wake, nusu saa baada ya saa 1:00. Kosa la kawaida ni kutupa kiungo kitupu kwenye makundi thelathini ya WhatsApp. Watu wanakichukia kiungo kitupu, na wana haki. Weka sentensi mbili zenye jibu lenyewe, kwamba gunia leo ni kiasi fulani, kwamba daraja fulani halipitiki, kisha kiungo kwa anayetaka zaidi. Wengi hawatabonyeza. Si neno. Kesho wakitaka uhakika watajua pa kuuliza. WhatsApp ilipofungua chaneli zake duniani kote Septemba 2023, blogu ndogo zilipata chombo kinachofaa kuliko makundi, kwa sababu hakuna anayekujibu kwa "habari za asubuhi" mia mbili.

Lakini usiwaweke watu wako wote kwenye nyumba ya mwenzako. Mei 2025 mtandao wa X ulizuiwa nchini, na tarehe 29 Oktoba mwaka huohuo, siku ya uchaguzi, intaneti yenyewe ilikatwa. Aliyekuwa na wasomaji wake X peke yake aliwapoteza asubuhi moja. Uwe na tovuti yenye jina lako, na orodha ya namba au barua pepe za wasomaji waliokubali wenyewe kuandikiwa. Nasema waliokubali kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakugusa hata wewe mwenye daftari la namba mia tatu.

Baada ya kusambaza, jibu watu. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaohesabu kujibu kuwa ni kupoteza muda. Kila jibu unalotoa usiku huu ni swali moja la kuingiza kwenye daftari la kesho, na msomaji aliyejibiwa kwa jina lake huwapelekea wengine. Nusu saa inatosha. Ikizidi hapo, mengi ya maswali hayo yanafanana, na kufanana kwake kunakudai makala.

Takwimu zitazame mara moja kwa wiki, Jumatatu asubuhi. Kuzitazama kila saa ni ugonjwa. Tazama mawili tu: wangapi wamerudi wiki hii ambao walikuja wiki iliyopita, na maneno gani watu waliyaandika Google hadi wakafika kwako. Hilo la pili utalikuta bure kwenye Search Console ya Google, na mara nyingi lina mada usizozidhania. Siku Makutupora itakapoanza kutafutwa kuliko bei ya alizeti, utajua kwamba watu wameanza kuulizia kipande cha reli ya kisasa (SGR) cha kwenda Tabora, kinachoanzia palepale wilayani.

Fedha nitaipitia haraka. AdSense, matangazo ya Google, hailipi hadi mapato yafike dola 100, na kwa blogu ya wilaya moja hiyo ni safari ndefu. Mwenye duka la pembejeo, mwenye gesti na fundi wa visima wako karibu zaidi, na wanaielewa hoja yako ukiwaonyesha kwamba wasomaji walewale wanarudi kila jioni.

Linabaki la sheria, ambalo liwekwe mwanzo kabisa wa kazi ingawa nimelileta mwisho. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu alipe shilingi 100,000 za maombi na 1,000,000 za leseni, na wengi wakafunga. Marekebisho ya mwaka 2022 yalipunguza mzigo, na uzito wa leseni ukaelekezwa kwa wanaotoa habari na matukio. Sasa ile taarifa yako fupi ya saa moja, yenye bei na mvua na barabara iliyokatika, ni elimu kwa mkulima au ni habari? Hilo usiliamue mwenyewe kijiweni. Waandikie Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) kwa barua, ueleze unachotaka kuchapisha kwa mifano mitatu au minne, na majibu yao uyahifadhi. Wakikwambia ni habari na leseni huiwezi bado, anza na lile fungu lisiloharibika, makala za jinsi ya kufanya na jinsi ya kufika, ukitoa mbili kwa wiki saa ileile. Hata nazo zitasomwa.